Nani Kawanyamazisha Vyura wa Sekela?

Sogeeni, watoto, sogeeni. Mwenye miguu mirefu aikunje. Hii ni habari ya majirani, na habari ya majirani haipigiwi kelele.

Huko Rungwe, milimani, mvua haipiti tu. Inakuja na mizigo yake, inapiga hodi, inakaa.

Huko ndiko anakoishi Sekela. Sekela ni mdogo. Meno yake mawili ya mbele yametoka kwenda kutembea, bado hayajarudi.

Nyumba yao iko mlimani. Nyuma ya nyumba kuna banda. Kando ya banda kuna migomba. Chini kabisa kuna kijito.

Ndani ya banda anakaa ng'ombe wao, Tabasamu. Akitafuna majani, mdomo wake unakwenda huku, unakwenda kule. Utadhani anawasengenya watu.

Sekela anampenda sana Tabasamu. Siku moja alivua utepe wake mwekundu kichwani, akamfunga Tabasamu mkiani. Mama hakujua. Na ninyi msimwambie.

Tabasamu alipunga mkia. Fyu! Fyu! Akapendeza kama bibi harusi.

Kule kijitoni waliishi vyura. Kila jioni, Sekela akipanda kitandani, vyura walianza kuimba.

*Kroo, kroo, Sekela!*
*Kroo, kroo, lala!*

Na Sekela alilala. Bila vyura, usingizi haukuja kabisa.

Sasa, baba yake Sekela alikuwa mtu wa usafi. Watu wa usafi mnawajua! Kila asubuhi alishika fagio, akashika ndoo, akaingia bandani.

Tabasamu alikuwa amekunya. Ploo! Mavi hayo. Ndiyo, nimesema mavi. Mnacheka nini? Ninyi hamuendi chooni?

Baba aliyasukuma mavi nyuma ya banda, hadi mtaroni. Huku anaimba.

*Fagia, fagia, fwaa!*
*Mvua itayabeba, mvua itayazoa!*

Mvua ilikuja. Churuuu! Mavi yakaondoka. Yalikwenda wapi? Hakuna aliyeuliza.

Wapita njia walisifu. "Lo, banda la Baba Sekela! Mtu anaweza kulia ugali sakafuni!"

Baba alitabasamu. Kifua kikavimba. Vifungo vya shati vikalia, "Tuonee huruma!"

Jioni moja, Sekela alipanda kitandani. Akavuta blanketi. Akatega sikio.

Kimya.

Akageukia ukutani. Akageukia mlangoni. Kimya kabisa.

"Mama," aliita, "vyura wamenuna?"

"Labda wamechoka, mwanangu. Lala."

Hakulala. Jioni iliyofuata, kimya tena. Na iliyofuata, kimya tena.

Asubuhi Sekela alisinzia mbele ya bakuli. Kichwa kikashuka, kikashuka. Chubwi! Pua ikaingia ndani ya uji.

"Pole, Sekela!" Baba alicheka. "Uji unanywewa kwa mdomo."

"Nataka vyura wangu," Sekela alisema. Uji ulikuwa unadondoka puani.

Akaenda kijitoni kuwatafuta.

Loo! Maji yalikuwa ya kijani. Yalikuwa mazito kama mlenda. Na harufu yake! Phuuu!

Chura mmoja alikaa juu ya jiwe. Macho yake yalikuwa ya huzuni.

"Chura, mbona huimbi?" Sekela aliuliza.

Chura alimpa mgongo. Aliruka, thubu! Akaruka tena, thubu! Akashika njia ya bondeni, mbali, mbali.

Sekela akaelewa. Chura alikuwa anahama!

"Wote watahama," alisema. "Nani atanilaza? Nani kachafua kijito?"

Alikwenda kwanza kwa Bibi Syabumi, mwenye kuku wengi. Ko-ko-ko! Ko-ko-ko!

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho yamevimba kama maandazi?"

"Silali, Bibi. Kijito kimechafuka, vyura wanahama. Je, ni kuku wako?"

"Kuku wangu!" Bibi Syabumi alishika kiuno. "Kuku wangu wanaogopa maji kama wewe unavyoogopa kuoga! Nenda kwa Ambokile. Mimi sisemi watu, unanijua. Lakini nguruwe wake! Mimi sisemi. Lakini wale nguruwe!"

Na hapo alikuwa hasemi.

Sekela alikwenda kwa Babu Ambokile, mwenye nguruwe wanene. Gruu! Gruu!

"Shikamoo, Babu. Kijito kimechafuka. Je, ni nguruwe wako?"

"Marahaba. Nani kasema ni nguruwe wangu? Usiniambie. Ni Syabumi!"

Sekela alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nilijua!" Babu alicheka hadi kofia ikaanguka. "Alikuambia pia habari ya mchicha wake? Aliumwagia mavi ya kuku mabichi. Mchicha ukaungua wote! Alikuambia?"

"Hakuniambia."

"Hawezi! Mavi mabichi ni makali, mjukuu wangu. Lazima yakae kwanza, yapoe, yaoze vizuri. Ndipo yanakuwa mbolea. Njoo uone."

Babu alimpeleka nyuma ya banda la nguruwe. Palikuwa na shimo, mbali na kijito. Juu yake palikuwa na bati kuukuu.

Babu aliinua bati. "Mavi ya nguruwe wangu yote yako humu. Nayachanganya na majani makavu. Nayafunika. Mvua haiyaoni."

Sekela alichungulia. Ni kweli, yote yalikuwa humo.

Basi si nguruwe. Sasa ni nani?

Sekela alirudi kwa kufuata kijito. Aliangalia huku. Aliangalia kule. Ghafla, katikati ya utelezi wa kijani, akaona kitu chekundu.

Alikivuta. Nyuuup!

Ulikuwa utepe. Utepe wake mwenyewe!

Sekela aliwaza. Utepe ulikuwa mkiani kwa Tabasamu. Umedondoka kwenye mavi ya Tabasamu. Na mavi ya Tabasamu...

Aliinua macho. Mtaro ulishuka mlimani, ukaingia kijitoni. Ulitoka wapi? Ulitoka kwenye banda. Lile banda safi kuliko yote. Banda la Baba.

Moyo wa Sekela ulipiga. Du-du-du! Atamwambiaje Baba? Na Mama akiuona utepe je?

Alipofika nyumbani, alimkuta nani? Bibi Syabumi! Amekuja kuchukua maziwa, na umbea kidogo wa kutia kwenye chai.

"Ni Ambokile tu anayechafua kijito," Bibi alikuwa anasema. "Mimi sisemi."

"Watu wengine wachafu kweli!" Baba alisema. "Wangekuja kujifunza kwenye banda langu!"

Sekela alisimama mlangoni. Utepe ulidondosha maji ya kijani. To. To. To.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo. "Ni sisi."

Mdomo wa Bibi Syabumi ulibaki wazi. Kuku angeweza kutaga humo.

"Huo si utepe wako?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Nilimvisha Tabasamu. Nimeukuta kijitoni. Mavi ya Tabasamu yanashukia kijitoni, Mama. Mvua inayapeleka."

Baba aliinuka. Alitoka. Aliufuata mtaro, chini, chini, hadi kijitoni. Akayatazama yale maji ya kijani.

Aliporudi, kifua hakikuwa kimevimba tena. Vifungo vilipumzika.

"Kumbe uchafu haukuondoka," alisema. "Ulishuka tu."

"Vyura wanahama, Baba," Sekela alisema. Sasa machozi yalikuja. "Nani atanilaza?"

Baba alichuchumaa. Alimfuta machozi kwa kidole gumba. "Tufanye nini, mwanangu?"

"Babu Ambokile ana shimo."

"Ambokile!" Baba alikuna kichwa. "Mimi niende kwa Ambokile? Niombe kufundishwa shimo?"

"Usiogope," Sekela alisema. "Nitakushika mkono."

Wakaenda wameshikana mikono, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Na mkubwa ndiye aliyekuwa anaona haya.

Babu Ambokile aliwasikiliza. Alitaka kucheka, akajibana. Alijibana sana hadi masharubu yakacheza. Kisha akachukua jembe lake.

"Twendeni," alisema. "Shimo halijichimbi."

Walichagua mahali pa juu, mbali na kijito. Baba na Babu walichimba. Kwa! Kwa! Kwa! Mama na Sekela walibeba majani makavu ya migomba. Bibi Syabumi alileta ushauri. Aliuleta mwingi.

Waliweka mavi. Wakaweka majani makavu. Wakaweka udongo kidogo. Kisha mavi tena, majani tena. Juu wakafunika na bati.

Mtaro nao waliuziba. Mkojo wa Tabasamu wakauchimbia njia nyingine, uende shimoni.

Kando ya kijito wakapanda mabingobingo, yale majani marefu anayoyapenda Tabasamu. Kama uchafu kidogo utateremka, majani yataukamata.

Asubuhi Baba alishika fagio. Sasa aliimba wimbo mwingine.

*Fagia, fagia, fwaa!*
*Shimo litapokea, mvua leo njaa!*

Mvua ilikuja na mizigo yake. Churuuu! Ilichungulia mtaroni. Hakuna mavi. Ilizunguka banda. Hakuna! Ikaondoka mikono mitupu.

Jioni Sekela alipanda kitandani. Akatega sikio.

Kimya.

"Bado, Mama?"

"Bado, mwanangu. Kijito nacho kinaoga polepole, kama wewe."

Kila siku Sekela alikwenda kutazama. Maji yalikuwa ya kijani. Kisha ya kijani kidogo. Kisha akaona jiwe moja chini ya maji. Kisha akaona vidole vyake mwenyewe. Lakini chura? Bado.

Kule shimoni Baba alikuwa anageuza mavi kwa jembe. Yalitoa mvuke, fuuu, kama ugali wa moto. Sekela aliuliza, "Tayari, Baba?"

"Bado."

"Sasa tayari?"

"Bado, Sekela! Una haraka kama kuku aliyeona mahindi!"

Basi siku moja Baba alifunua bati, akasema, "Njoo unuse."

Sekela aliziba pua. Kisha akaachia kidogo. Kisha akaachia yote. Hayakunuka! Yalikuwa meusi na laini. Yalikuwa na harufu ya udongo uliopata mvua.

"Sasa ni mbolea," Baba alisema. "Kumbe chakula cha migomba nilikuwa nawapelekea vyura!"

"Na vyura hawakitaki," Sekela alisema.

"Hata kidogo."

Wakaipeleka mbolea kwenye migomba. Migomba ilikula, ikanawiri. Mmoja ulizaa mkungu mzito hadi ukaegemezwa kwa mti, kama bibi na mkongojo wake.

Bibi Syabumi naye alijichimbia shimo kwa ajili ya mavi ya kuku. Akangoja yaoze. Ndipo akayapeleka kwenye mchicha. Mchicha ukasimama, majani mapana kama masikio ya Tabasamu.

"Haujaungua safari hii, Bibi!" Sekela alisema.

"Uliungua lini? Nani kasema? Ni Ambokile! Mimi sisemi watu, lakini yule Ambokile!"

Jioni hiyo mvua ilinyesha kidogo, ikanyamaza. Sekela alipanda kitandani. Akavuta blanketi. Hakutega hata sikio. Alikuwa amechoka kungoja.

Kule kijitoni, juu ya jiwe, mtu fulani alikohoa.

*Kroo?*

Sekela alifumbua macho.

*Kroo?* Akaitikiwa upande wa pili. *Kroo!*

Wakaja wawili. Wakaja watano. Wakaja wote waliohama, na wajomba zao, na mashangazi wasioalikwa.

*Kroo, kroo, Sekela!*
*Kroo, kroo, lala!*

Sekela alicheka. Pengo lake likaonekana gizani.

Bandani, Tabasamu alitafuna polepole, mdomo huku, mdomo kule. Shingoni alikuwa na utepe mwekundu. Mama aliufua na sabuni, akauanika juani, akaunusa, akasema, "Hapana. Huu haurudi kwenye kichwa cha mtu." Basi ukawa wa Tabasamu moja kwa moja.

Baba alisimama mlangoni. "Sekela," alinong'ona. "Unawasikia? Wamerudi."

Sekela hakujibu.

"Sekela?"

Alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Baba akarudisha mlango taratibu. Naye akaketi barazani, akasikiliza vyura wa binti yake, mpaka kichwa chake kikashuka, kikashuka.

Haya, na mimi nimemaliza umbea wangu. Hadithi imeshapanda kitandani. Na wewe panda, ujifunike. Ukisikia kroo, ni wao.