Tepu ya Mama na Magurudumu ya Bi Mkonge

Kila asubuhi, Baba alipokuwa bado anatafuta viatu vyake chini ya mizigo, mimi nilikuwa nimekwisha kunywa chai na kufunga ushungi. Chumba chetu cha Mtaa wa Dengfeng, huko Uchina, kilijaa marobota ya nguo mpaka dirishani, nasi tulilala kwenye nafasi iliyobaki. Tulipanda basi, tukavuka mto, tukashuka karibu na Kangle, ambako cherehani zilinguruma katika kila ghorofa. Baba aliingia kwa wauza vitambaa. Mimi nilikwenda kwenye karakana ya Fundi Liang, nikashinda huko mpaka alasiri.

Ulikuwa mwaka 1998, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa amefariki huko Tanga mwaka uliotangulia, naye Babu Ghalib alikuwa anaugua macho, kwa hiyo Baba hakuwa na mtu wa kuniachia. Shule nilikuwa bado sijapata. Watoto wa mtaani walinitazama, wakacheka kidogo, wakaendelea na mchezo wao. Siku nyingine jua lilizama sijazungumza Kiswahili zaidi ya maneno kumi, na hayo kumi ni ya kumjibu Baba akiuliza kama nimekula. Nilikuwa mpweke, nasema wazi. Nilifika mahali pa kuyaamkia marobota.

Karakana ya Fundi Liang ndiyo iliyoniokoa. Mzee huyu alikuwa ametengeneza injini za mvuke maisha yake yote, akastaafu, lakini mikono yake ilikataa kustaafu. Babu na wenzake wastaafu wa reli walikuwa wamechanga fedha, wakampa Baba kazi ya kumtafuta fundi wa kuunda upya Bi Mkonge. Hilo ndilo jina waliloipa aina moja ya injini zilizovuta mabehewa ya mkonge enzi za ujana wao. Zote zilikatwakatwa zikauzwa vyuma chakavu. Haikubaki hata moja.

Kilichobaki ni daftari la Babu. Wiki moja kabla injini ya mwisho haijakatwa, aliizunguka na rula, akapima kila kiungo chake kwa inchi na kuandika. Fundi Liang alikuwa anaunda mpya yenye ukubwa wa theluthi moja, yenye moto wa kweli na mvuke wa kweli, ya kuvuta mabehewa madogo ya watoto. Meli ya kuipeleka Tanga ilikuwa iondoke mwisho wa Oktoba. Daktari alikuwa amemwambia Babu kwamba macho yake huenda yasiuone mwaka mpya, na Babu alitaka kumwona Bi Mkonge mara moja tena kabla ya giza. Hilo kila mtu alilijua, nami nililijua kuliko wote.

Kazi yangu ilikuwa kusoma daftari. Mwandiko wa Babu mimi niliuweza, na Kichina cha sokoni nilikuwa nimekiokota kwa wenye maduka. Nilisoma kipimo, nikagawanya kwa tatu, nikamwambia fundi, naye akakigeuza kuwa milimita kwenye mchoro wake. Nilimwita Shifu, yaani fundi mkuu. Yeye alishindwa kulimaliza jina langu la Kazija, akaishia “Kazi,” na kazi kweli alinipa. Kurasa za mwisho za daftari nilizipita tu. Zilikuwa na mistari mifupi yenye tarehe, haina kipimo chochote.

Jumanne moja Shifu alilazimika kusafiri siku mbili kufuata tangi la kuchemshia maji. Magurudumu yalikuwa bado hayajachorwa.

“Kazi, unaweza kukata kadi ya kigezo cha gurudumu?” aliniuliza. “Duara tu. Ukimaliza mpelekee Bi Huang wa tanuri. Atamimina chuma kesho mchana.”

“Naweza, Shifu.”

Kifua kilinipanuka. Daftari lilisema inchi thelathini na sita, theluthi yake kumi na mbili. Nilichukua tepu ya kushonea niliyopewa na mama mmoja wa cherehani pale Kangle. Mama yangu naye alikuwa mshonaji, na tepu yake ilikuwa na inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Hii ya Kangle pia ilikuwa na pande mbili. Nilipima kumi na mbili kwa upande wenye namba kubwa, nikachora, nikakata, nikapeleka. Sikujiuliza kitu.

Jioni, baada ya Magharibi, nilifungua kopo la Mama la sindano. Nilifanya hivyo kila nilipomkumbuka sana. Nikaitandaza tepu yake kitandani, na ile ya Kangle kando yake, ili nione jinsi zinavyofanana. Hazikufanana. Kumi na mbili ya Mama iliishia kwenye mto, kumi na mbili ya Kangle ikapita kiganja kizima mbele. Zile hazikuwa inchi. Zilikuwa vipimo vya Kichina vya washonaji, viitwavyo cun, na kila kimoja ni kirefu kuliko inchi.

Chuma kilikuwa bado hakijamiminwa. Ningeweza kumwendea Bi Huang asubuhi nikasema, “Nimekosea.” Nililijua hilo, nikalala nalo, nikaamka nalo. Lakini niliwaza: Shifu akijua, atasema huyu mtoto hafai, abaki nyumbani. Nitabaki na marobota. Nikanyamaza.

Baada ya siku chache magurudumu sita yaliletwa kwa mkokoteni. Yalikuwa mazuri, mazito, meusi. Shifu aliinua moja, akalisogeza kwenye ekseli, likagonga fremu. Akajaribu la pili, nalo likagonga. Alipima kwa rula yake, akauangalia mchoro, akapima tena. Bi Huang, aliyekuja nayo, akatetea kadi aliyopewa, na kadi yenyewe ilikuwa imeungua kwenye tanuri.

Nilingoja afoke. Hakufoka. Alivua miwani, akakaa juu ya kasha, akajipangusa uso kwa kitambaa.

“Basi,” alisema taratibu. “Fremu nimeichora vibaya, au nimesoma rula vibaya. Macho yangu yamezeeka. Kazi, mwambie baba yako atafute fundi mwingine. Mtu asiyeona vizuri asiguse injini watakayopanda watoto.”

Nilimtazama mzee wa watu na miwani yake mkononi, nikamwona Babu. Machozi yalinitoka kabla ya maneno.

“Shifu, macho yako mazima. Ni mimi.” Nikatoa tepu mfukoni. “Nilidhani hizi ni inchi.”

Aliipokea tepu, akaisogeza puani, akaelewa mara moja. Kisha akaniuliza swali moja tu.

“Ulijua lini?”

“Jumanne jioni.”

“Kabla Bi Huang hajamimina.”

“Ndiyo, Shifu.”

“Ungesema Jumatano asubuhi, tungetupa kadi moja. Sasa meli ya Oktoba tumeikosa. Kwa nini ulinyamaza?”

“Niliogopa utanifukuza. Sina pengine pa kwenda.”

Kisha akavaa miwani, akamimina chai kwenye vikombe viwili, kimoja akakisogeza kwangu.

“Kukosea vipimo sitakufukuzia,” alisema. “Nami nimewahi kukosea, tena zaidi ya wewe. Lakini hapa mtu akikosea husema. Chuma hiki kitayeyushwa upya. Wewe utakata kadi nyingine, nami nitaipima. Na habari ya meli utampa babu yako wewe mwenyewe.”

Jioni hiyo Baba alinipeleka kwenye kibanda cha simu cha Dengfeng. Alikuwa amekasirika, hakunificha, lakini alinishika mkono njia nzima.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Bi Mkonge anasemaje?”

Nilimweleza yote bila kuruka. Upande wa pili nikasikia jogoo wa jirani huko Tanga.

“Daftari unalo hapo?” aliuliza. “Fungua kurasa za mwisho. Nisomee.”

Nikasoma: “Machi 12, 1971. Nimesahau kukaza nati ya breki. Kosa ni langu. Ghalib.” Chini yake kulikuwa na mwingine, na mwingine. Kurasa tatu nzima, zote makosa ya Babu, zote na jina lake.

“Nilikuwa nikirudi kwenye banda la injini siandiki baadaye,” alisema. “Naandika kabla sijanawa mikono. Kesho yake injini anaipanda mwenzangu, naye ana watoto wanaomngoja. Mstari wa mwisho una nafasi chini yake?”

“Ipo, Babu.”

“Basi andika.”

Niliandika palepale, nimeegemea kioo cha kibanda: “Nimepima magurudumu kwa tepu isiyo ya inchi. Nikajua, nikanyamaza. Kosa ni langu. Kazija.”

Bi Mkonge alimalizika Desemba, akafika Tanga mwishoni mwa Februari, nasi tukamfuata. Tulichelewa. Macho ya Babu yalikuwa yamebakisha mwanga mdogo tu, asimwone mtu wala injini. Nilimshika mkono, nikamwongoza mpaka kwenye gurudumu la mbele, huku nikilia waziwazi mbele ya wazee wote wa reli na watoto waliokuja kupanda.

Babu alichutama. Akatandaza shubiri yake juu ya gurudumu, akaongeza vidole vinne.

“Inchi kumi na mbili,” akasema.

“Babu, ningesema mapema ungemwona.”

“Kweli,” alijibu, wala hakunipunguzia. “Hilo utalibeba, na ulibebe vizuri. Kosa likisemwa siku yake huwa dogo, likifichwa linakula na vya wengine. Lakini mwishowe ulisema, na injini ya mtu anayesema makosa yake naweza kuwaruhusu watoto hawa waipande. Sasa sina wasiwasi.” Akanyoosha mkono mpaka akaupata mnyororo wa king'ora, akauweka kiganjani mwangu. “Vuta, wapande.”