Bahasha ya Pindo

Aa, hapana, aliyeanza kushuku ni mwanamke. Usimwonee fundi wa watu. Yeye siku hiyo alikuwa anashuka ngazi zake tu, amekumbatia kibodi sita kifuani kama mzigo wa kuni, na huyo binti naye anapanda, kompyuta mpakato ya zamani kaitia ndani ya foronya ya mto. Lile jengo la maduka ya simu lilivyo, ngazi nyembamba, huyu anashuka huyu anapanda, kila mlango una spika yake. Wakagongana. Kibodi zikaporomoka mpaka chini, vitufe vikaruka kama bisi.

"Samahani, bibie!"

"Samahani? Ungeivunja hii leo ungenitambua!"

Mwanamume akamtazama. Gauni la njano lililomkaa vizuri, mikono imekatwa kwa ufundi, na shingoni futi ya kupimia aliyotoka nayo kazini bila kujijua.

"Sasa hiyo shingoni ni mkufu au unakuja kunipima?"

Binti akajishika shingo, akaona haya, na kwa sababu aliona haya akakasirika. "Naona na wewe shati lako limefungwa kwa waya wa umeme."

Kweli. Kifungo cha pili kilikuwa kimekatika, bwana kapitisha kipande cha waya wa shaba, akausokota. Wakacheka wote wawili pale pale kwenye ngazi, watu wanawapiga vikumbo. Basi hapo ndipo lilipoanzia.

Jina la utani la binti lilikuwa Pindo. Alipewa na mama yake, kwa sababu utotoni hakulala mpaka ashike pindo la gauni la mama. Alipokua akawa mshonaji kama mama huyo huyo, lakini mama alikuwa ameshafariki, mwaka wa pili sasa, na nyumbani kabaki baba peke yake. Baba tangu siku ile hakai kula. Anachota chakula, anakula amesimama jikoni, sahani mkononi, mgongo ameupa meza. Ukimwambia kaa, anasema miguu yake haina shida.

Na huyo Pindo alikuwa na sababu ya kushuku watu. Alikuwa na mchumba, mahari inazungumzwa, halafu akafungua kompyuta hiyo hiyo akakuta barua ambazo mchumba anamwandikia mkewe. Mkewe, nakwambia! Ana mke na watoto. Tangu hapo binti hakumwamini hata anayemwambia saa ngapi, lazima atazame na yake.

Kwa hiyo alipokaa kwenye stuli ya kibanda cha fundi, pale ghorofa ya pili, alisema neno moja. "Irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kila kitu kifutike."

"Ile diski iliyokuja nayo, ya kurudishia, unayo?"

"Ilishapotea zamani."

"Si neno. Kiwanda huwa kinaacha nakala humo humo ndani, sehemu ya diski isiyoonekana na mtu wa kawaida. Unaiwasha, na kabla haijaamka vizuri unabonyeza kitufe kimoja hapa juu. Inakuuliza unataka nini, unaiambia."

"Kwa hiyo miaka yote nimekaa na mashine ina sehemu imefichwa, sijui."

"Ndiyo."

"Na ninyi mafundi mnaijua."

"Ndiyo kazi yetu, dada."

Jibu hilo halikumpendeza. Akavuta stuli karibu, magoti yakagusa meza. Fundi anabonyeza, mashine haijibu. Anazima, anawasha, anabonyeza tena, hakuna kitu. Kumbe kile kitufe chenyewe kimekufa. Kuna siku kilimwagikiwa chai.

"Chai ya nani?" fundi akauliza kwa utani.

"Ya mtu nisiyetaka kumtaja."

Fundi, kama mwungwana, akachomeka kitu ubavuni mwa mashine, taa yake ikapepesa mpaka ikatulia, akakichomoa. Akasema leo afungue, asafishe vumbi, kesho atachomeka kibodi ya nje aingie kwa hiyo. Akaanza kutoa skrubu na kuzipanga kwenye kifuniko cha chupa, na Pindo akaanza kuzihesabu, kwa sauti, asije akaibiwa hata moja. Nne, tano, sita. Fundi alikuwa anaeleza taratibu zake za kazi, mambo ya kunakili, mambo ya miezi mitatu, akamsogezea kitu cha kutia saini. Binti akasaini hajainua macho. "Saba, nane... hiyo ya tisa mbona fupi?"

"Ndivyo ilivyo, dada. Na pacha wake yuko upande wa pili."

"Tutaona."

Kesho yake mashine ilikuwa mpya. Imewaka inamuuliza jina lake nani, kana kwamba haijawahi kukutana na binadamu. Pindo akavuta pumzi. Halafu akafungua mkoba wake, akatoa sindano, uzi na kifungo cheupe.

"Njoo hapa na hilo shati. Waya huo utakupiga shoti."

Alimshonea kifungo shati likiwa mwilini, amesimama karibu hivyo, akakata uzi kwa meno. Unadhani fundi alifanya kazi gani tena siku ile? Hakuna.

Mwezi mzima na nusu simu hazikulala.

"Mshonaji wangu, umekula?"

"Nimekula. Na hiyo sauti ya mwanamke nyuma yako ni ya nani?"

"Mteja, laazizi. Simu yake imeingia maji."

"Mpe niongee naye."

Na kweli alimpa! Yule mama wa watu akaeleza simu ilivyotumbukia kwenye ndoo, na Pindo akampa pole. Ndivyo walivyokuwa. Mwanamke anauliza, mwanamume anacheka anajibu, na kila jibu lilikuwa linapunguza kidogo lile jiwe la shaka kifuani mwake.

Mpaka siku ile ya pazia. Pindo alimletea pazia la mlango wa kibanda, la buluu, kalishona mwenyewe. Fundi katoka kidogo kuchukua nyaya duka la chini. Pindo akataka penseli atie alama ya urefu, akavuta droo. Ndani, kitambaa laini cha kufutia vioo. Juu ya kitambaa, bahasha ya kaki, peke yake, imeandikwa "Pindo" na namba yake ya simu. Akaiminya. Flashi.

Damu ikampanda. Barua, picha, mambo yake yote aliyolipia yafutwe, yamelala kwenye droo ya mwanamume. Na bahasha za wateja wengine ziko pale rafuni, kwenye boksi, ameziona. Yake tu ndiyo imetengwa.

Fundi akaingia anapiga mluzi. "Ah, mpenzi, pazia..."

"Hiki nini?"

"Ni ile nakala yako."

"Nilikwambia ufute!"

"Kwenye mashine nimefuta. Lakini mimi huwa..."

"Umesoma mangapi? Jioni ukifunga mlango unakaa unanicheka?"

"Wallahi sijaifungua! Igeuze uone."

Hakuigeuza. Alimtupia kifuani, akashuka ngazi, na pazia akalichukua.

Simu zikaita siku tatu. Ya nne akapokea, nadhani alitaka kumtukana vizuri.

"Pindo, nisikilize. Bahasha uliisaini wewe, inakaa miezi mitatu mteja asije akajuta, halafu naiharibu."

"Mimi? Mimi niliyehesabu skrubu zako?"

"Ndipo hapo hapo. Ulikuwa kwenye ya nane."

"Na kwa nini yangu iko droo na za wenzangu ziko kwenye boksi?"

Fundi akasema polepole, "Kwa sababu ni yako."

Binti akakata simu. Shangazi yake, dada wa baba, alikuwa pembeni anachambua mboga, masikio yamesimama. "Huyo hajakudanganya," akasema. "Mwongo angekuwa na jibu refu zaidi."

"Shangazi, naomba usinianze."

"Mimi nimesema nini? Nachambua mboga."

Sasa sikiliza. Zikapita wiki sita. Baba akamwita binti yake. Kavaa koti lake zuri, na jikoni kumefagiliwa. Akasema Jumapili ijayo inatimia miaka miwili, anataka kumsikia marehemu. Mama alipoanza kupungukiwa macho, alikuwa anakaa mbele ya kompyuta anasema kwa sauti namna ya kukata nguo, begani toa hivi, kiunoni acha hivi, ili Pindo asije akasahau. "Sauti zile zimo kwenye mashine yako," baba akasema. "Niwekee. Sijawahi kuomba, nilikuwa siwezi. Sasa naweza."

Pindo akaenda moja kwa moja kabatini. Siku anaipeleka mashine ikafutwe alijua sauti zimo pia kwenye simu ya mama, iliyohifadhiwa kabatini. Akaichomeka chaji. Saa nzima. Haikuwaka. Akaipeleka kwa mafundi wawili wa mtaa mwingine, wote wakatikisa kichwa, imekufa na kila kilichomo.

Basi hakuna pengine. Kuna bahasha moja tu chini ya jua, na iko kwa mtu aliyemtukana. Na ile miezi mitatu, alipopiga hesabu kwa vidole, ilikuwa imeisha jana.

Alipanda zile ngazi na gauni lile lile la njano, sijui kwa makusudi, sijui kwa kuchanganyikiwa. Fundi alikuwa ameinamia simu ya mtu. Shati lile lile, kifungo cheupe.

"Umeshaiharibu?"

Fundi hakuuliza ni nini. "Utaratibu unasema jana."

"Najua unavyosema. Nakuuliza umeshaiharibu?"

Fundi akavuta droo. Bahasha iko juu ya kitambaa. "Miaka saba ya kazi hii, ni mara ya kwanza kuvunja utaratibu wangu. Nilisema nikupe siku moja. Leo ningesema nyingine."

Pindo akaichukua, na safari hii akaigeuza. Juu ya mfuniko, pale gundi inapokutana na karatasi, saini yake mwenyewe, ule mkia mrefu anaouvuta. Wino haujakatika hata kidogo. Na pembeni ya saini, kwa mkono wake, ameandika namba nane. Alikuwa anahesabu mpaka mkono ukaandika.

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Mimi ni mjinga."

"Si mjinga. Ulikuwa na kazi ya skrubu."

"Ulinieleza na sikusikia."

"Na mimi niliona husikii nikaendelea kusema. Tulikosea wote."

"Fungua basi. Fungua wewe."

"Sifungui. Fungua wewe, na usifungulie hapa. Kuna mtu anaisubiri?"

Akamweleza. Fundi akasema Jumapili atafunga kibanda, waende pamoja.

Jumapili mchana walifika, kompyuta ndani ya foronya. Shangazi alikuwa ameshapanga sahani nne, mvuke unatoka kwenye sufuria. Baba kasimama jikoni, mahali pake. Akamtazama mgeni toka viatu mpaka juu, akaishia kwenye kifungo.

"Huyu nani?"

"Fundi wa kompyuta, baba."

"Fundi wa kompyuta, na kifungo kimeshonwa msalaba na kuzungushiwa uzi mara tatu. Hiyo ni mishono ya mama yako. Kijana, unatafuta nini nyumbani kwangu?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jibu."

"Nataka kuleta wazee wangu wiki ijayo. Kama binti ataridhia, maana hapo hajaniambia kitu."

Wote wakamgeukia Pindo. Alikuwa anachomeka flashi. "Walete," akasema, hakugeuka. "Lakini nitawahesabu." Shangazi akapiga kigelegele mpaka kijiko kikamtoka mkononi.

Kisha sauti. Mikwaruzo kwanza, halafu mama, mzima mzima, kama yuko chumba cha pili. "Begani toa vidole viwili, mwanangu, usiwe na haraka..." Na nyuma yake redio, mpira unatangazwa. Mama akaacha kusema. "Baba Pindo! Zima redio hiyo, hunioni narekodi?" Kikohozi cha mwanamume. Redio ikafa. Baba pale jikoni akakohoa vile vile, kikohozi kile kile, mkono mdomoni.

Mama akaendelea, kiuno, pindo, mfuko. Mwisho kiti kilisikika kikivutwa. "Haya, basi leo. Baba Pindo, acha kusimama simama hapo, njoo ukae tule, kinapoa."

Ikanyamaza. Baba akabaki na sahani yake mkononi, akaitazama meza muda. Halafu akavuta kiti, akakaa. Shangazi akakaa, Pindo akakaa, na fundi, kwa kuwa hakuna aliyemfukuza, akakaa naye.

"Mchuzi usogeze huku," baba akasema.