Diski ya Sita

Harufu ya mahindi ya kuchoma ilianza siku ileile seva mpya ilipowashwa. Chumba cha seva hakikuwa na dirisha, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo hata na chupa ya maji, sembuse gunzi la mahindi. Mokeira alichungulia nyuma ya kabati la mitambo, akainama chini ya meza, akanusa nyaya moja moja akidhani kuna uliokuwa ukiungua. Nyaya zote zilikuwa baridi.

"Haron, husikii harufu?"

"Harufu ya nini? Wewe omong'ina, mama wa watu, uzazi umekuachia pua ya mbwa."

Walikuwa wawili tu katika kitengo cha kompyuta cha hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisii. Mokeira alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka likizo ya uzazi, na Haron alifurahi kupata tena mtu wa kumtania.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Ndani ya mtambo mmoja mkubwa mlikuwa na mashine pepe tano, yaani kompyuta zisizo na sanduku wala mwili: ya wodi, ya maabara, ya duka la dawa, ya malipo na ya eksirei. Kila siku ilibidi zichukuliwe nakala za akiba, na mchukuaji ni seva iitwayo proksi. Proksi huiendea mashine, huigandisha kidogo, huishika diski yake kana kwamba ni yake, huinakili, hupeleka nakala ghalani, kisha huiachilia mashine iendelee na kazi pale ilipokatikia. Proksi ya zamani ilikuwa imeelemewa, hivyo Mokeira akaambiwa aunde ya pili.

Alipofika mahali pa kuandika jina la seva, mkono wake ulisita. Kisha akaandika: ANYONA.

Anyona alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Ndiye aliyeusimika mtambo ule, na ndiye aliyemfundisha Mokeira kazi. Radi ilimpiga nyumbani kwao Ekerenyo, amechutama nje ya jiko akichoma mahindi. Baada ya mazishi Mokeira alijifungua mtoto wa kiume, na ukoo mzima ukawa unangoja jina. Kwa Wagusii, mtoto hupewa jina la aliyetangulia, ili aliyetangulia apate mahali pa kurudi. Lakini Mokeira alikuwa amemwona Anyona mochari kabla hajafunikwa. Hakuweza kumpa mwanawe jina la mwili ule ulioungua. Akamwita Eric, basi, na mama mkwe akalikubali shingo upande.

Kwa hiyo kuipa seva jina lile kulimpunguzia uzito moyoni. Angalau mahali fulani lingetajwa. Hakufikiri kwamba kutaja jina ni kuita, na anayeitwa huitika.

Waliijaribu proksi alasiri, mvua ya kila siku ikianza kuponda mabati. Haijaisha hata kunyesha, mama mkwe wake, Eucabeth, aliyekuwa akimlea mtoto nyumbani kwa Mokeira huko Suneka, akapiga simu.

"Mama Eric, huyu mtoto amenishtua. Alikuwa akicheka, akakatika katikati ya kicheko. Macho wazi, mdomo wazi, hapumui. Nikampulizia usoni, akaendelea kucheka palepale alipokuwa ameachia."

"Labda ni gesi, mama."

"Nimelea saba. Gesi ninaijua."

Kesho yake harufu ilikuwa imegeuka. Mahindi sasa yalikuwa yameungua, na chini ya kuungua kule kulikuwa na kitu kingine, cha mafuta na nywele, ambacho Mokeira alikuwa amekinusa mara moja tu maishani. Mvua ilikuwa imerudi. Feni za mtambo zilivuma, na ndani ya mvumo ule kulikuwa na sauti ya mtu anayetafuna taratibu, bila haraka yoyote, meno yakisaga punje baada ya punje. Safari hii Haron hakucheka.

"Mokeira," alinong'ona. "Tuna mashine ngapi?"

"Tano."

"Njoo uone."

Kwenye skrini, proksi ANYONA ilikuwa imeshika diski sita. Tano walizijua. Ya sita ilikuwa ndogo, na jina lake lilikuwa Eric.

"Umeiweka wewe? Niambie ni utani, tafadhali."

Kabla Mokeira hajajibu, simu ililia.

"Amekatika tena," Eucabeth alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Na hajarudi. Nampulizia, namnyunyizia maji, hakuna. Mwili una joto lakini hamna mtu ndani."

Haron alikuwa tayari amerukia kibodi. "Naifuta hii seva. Naifuta sasa hivi."

"Usiguse!" Mokeira akamdaka mkono. "Ukiifuta ingali imeshika diski, unafuta na kilichoshikwa. Anyona mwenyewe ndiye aliyenifundisha."

"Basi niiachanishe diski?" Haron akabofya. Skrini ikajibu kwamba diski inatumika. Akabofya tena. Inatumika. Nyuma ya kabati, mtafunaji akameza.

Mokeira akaubana mdomo kwenye simu. "Mama, nimekosa. Lile jina la Anyona, nimeipa mashine hapa kazini."

Eucabeth alikuwa shemasi wa Wasabato, mwanamke asiyekubali hata mzaha wa mizimu mezani pake.

"Mhubiri anasema wafu hawajui neno lolote," alisema, kama anayejikumbusha. Kisha akashusha pumzi. "Umemwita mwanangu ukamlaza kwenye chuma, Mokeira. Chuma ni baridi. Ameona damu ya kwao ikipumua, akaishika."

"Mwambie aachilie! Wewe ndiwe mama yake!"

"Hawezi kuachilia bila mahali pa kwenda. Wewe ndiwe uliyemnyima, wewe ndiwe utakayempa. Naweka simu kwenye sikio la mtoto. Mwite."

Mokeira alifungua kinywa, akakifumba tena, kwa maana aliuona tena uso ule wa mochari, ule mweusi uliopasuka mdomoni, akauona umelala ndani ya shuka ndogo ya mwanawe, ukinyonya ziwa lake, ukikua, ukienda shule, ukimwita mama, na huku akiuona alihisi nyuma ya shingo yake pumzi ya moto yenye majivu ikimngoja, ikimsikiliza, imeacha hata kutafuna ili isikie vizuri, na hapo akajua kwamba kila anapochelewa ndipo mtoto anapozidi kwenda mbali, akafumba macho, akasema:

"Anyona. Anyona, njoo nyumbani."

Taa zikafifia. Feni zikasimama zote, kisha zikaanza upya. Haron, machozi yakimtiririka bila yeye kujua, alisema kwamba diski zimebaki tano, na papo hapo akaanza kulibadilisha jina la seva. Kwenye simu, mtoto alikuwa akilia kwa nguvu.

Jioni Mokeira alimkuta mtoto mapajani mwa bibi yake, mzima, mashavu yakimng'aa. Alimpa ziwa. Mtoto aliligeuzia uso. Alimwita, "Eric," na hakushtuka. Eucabeth, polepole, kama mtu anayeogopa furaha yake mwenyewe, akasema, "Anyona," na mtoto akamgeukia akamtazama kwa macho ya mtu aliyetoka safari ndefu. Ufizi wake usio na meno ulikuwa ukisaga, taratibu, bila haraka yoyote. Nywele zake zilinukia mahindi.

"Amerudi," Eucabeth alinong'ona, akilia.

Mokeira hakuuliza ni nani.

Wakati huo Haron akapiga simu. Alikuwa bado hospitalini, akisafisha yaliyobaki.

"Seva iko sawa. Lakini ghalani nimekuta nakala ya sita. Ile ndogo, yenye jina la mtoto wako. Inaonekana ilinakiliwa yote kabla diski haijaachiliwa." Akashusha sauti. "Mokeira, sipendi kukaa nayo humu. Nifute?"

Nyuma ya sauti yake, kupitia mvumo wa feni, Mokeira alisikia kicheko cha mtoto mchanga, kicheko alichokijua kuliko sauti yake mwenyewe, kikiendelea palepale kilipokuwa kimekatikia.

"Usifute," alisema. "Haron, nakuomba. Hata mtambo ukiungua, hiyo usifute."