Karamu ya Wanjala

Jioni hiyo nyumbani walikuwako watu wanne: Awinja, binti yake Nekoye aliyekuwa bado ananyonya, mama mkwe wake Roda, na mumewe Philemon, aliyekuwa amelala akisubiri zamu ya usiku kiwandani. Dukani alikuwako Osundwa. Na njiani, katikati ya miwa, alikuwako mwingine. Huyo wa njiani ndiye anayefanya watu wasimulie habari hii kwa sauti ya chini.

Ilikuwa miaka ile miwa ilipofika hadi milangoni. Watu walikuwa wameng'oa mahindi, wakang'oa maharagwe, wengine wakang'oa hata migomba ya nyuma ya jiko, ili trekta lipite. Ukitoka nje uliona miwa. Ukitazama juu uliona moshi wa kiwanda.

Awinja alikuwa mtu wa kuandika. Shule aliishia darasa la saba, lakini alipoolewa huko akina mama wa kanisa walikuwa wakimzunguka kila Jumapili baada ya ibada, awasomee hadithi alizotunga. Walicheka, walilia, walimletea ndizi. Halafu mzaliwa wake wa kwanza, Wanjala, akafa kwa surua. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea. Tangu mazishi, Awinja hakuandika tena hata mstari. Akishika kalamu, vidole vilikufa ganzi.

Na alitaka kitu kimoja tu. Kumwandika Wanjala kabla hajamsahau. Picha ya mtoto hawakuwa nayo. Alichokuwa nacho kilikuwa kichwani, na hata hicho kilikuwa kimeanza kufifia.

Roda alimwomba akimbie dukani kuleta mafuta ya taa kabla giza halijaingia, akampokea mtoto.

"Angalia njia, Mama Wanjala," alisema.

Bado alimwita hivyo, hata baada ya kaburi. Wengine walikuwa wameacha, kwa kuogopa kumuumiza. Awinja alimpenda mama huyu kwa jina hilo.

Dukani, Osundwa alimpimia mafuta. Alipoulizwa kama ana kalamu alisema zimeisha, kisha akachomoa ile aliyokuwa ameichomeka nyuma ya sikio, akampa.

"Chukua, shemeji. Mimi hesabu zangu ziko kichwani. Ndiyo maana duka halikui."

Awinja alicheka njia nzima, hadi alipoingia kati ya miwa.

Upepo ulikuwa umekatika. Majani hayakutikisika. Kulikuwa na harufu ya miwa iliyochomwa, na chini yake harufu nyingine... ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Umebeba nini, mwanangu?"

Bibi kizee alikuwa amesimama kando ya njia, amejifunika blanketi la kijivu. Miguu yake ilikuwa pekupeku, imejaa udongo mbichi hadi magotini. Awinja hakumjua, lakini siku hizo wageni walikuwa wengi, wakataji miwa na jamaa zao. Akamsalimu kwa heshima na kumwita kukhu, kama nyanya yake mwenyewe.

"Ni kalamu, kukhu."

"Karamu," bibi akarudia, polepole, kama anaonja. "Karamu ya nani?"

Huko kwao l na r hubadilishana nafasi mdomoni kila siku. Awinja mwenyewe aliwahi kuchapwa shuleni kwa kosa hilo. Hakushtuka.

"Ya Wanjala, mtoto wangu. Muda mrefu imenishinda."

"Hata mimi sijaona karamu tangu walipolima hapa," bibi alinong'ona. "Nikaribishe."

Awinja alidhani mzee anataka kusomewa, kama wale akina mama wa kanisa. Akaona ni vibaya kumnyima kitu kidogo hivyo.

"Karibu, kukhu. Ni yetu sote."

Bibi akamshika mkono wa kulia. Alikuwa baridi. Akamvuta vidole, kimoja baada ya kingine, na kila kidole kililia kama muwa unaovunjwa. Hakuumia. Ganzi ikatoka.

Aligeuka kumshukuru.

Miwa tu.

Jioni hiyohiyo, maji ya obusuma, ugali wa jioni, yakianza kuchemka, Awinja alikaa karibu na moto akaandika. Mkono ulikimbia. Aliandika jinsi Wanjala alivyokuwa akishika sikio lake wakati wa kunyonya. Machozi yalimtoka, ya furaha. Roda alimwona. Alichukua mwiko, akasonga yeye.

Asubuhi karatasi ilikuwa nyeupe.

Haikuwa na hata mkwaruzo. Awinja aliinusa; ilinuka miwa iliyochomwa. Akailaumu kalamu ya Osundwa, akakaa aandike upya yale ya jana. Hayakumjia. Basi akaandika mengine: kicheko cha Wanjala, alivyoita maji, alivyokimbiza kuku hadi akaanguka na kulia pamoja nao. Mkono ulimtii kama zamani, hata kuliko zamani. Kila jioni aliandika. Kila asubuhi karatasi ilikuwa safi, na yeye alikuwa mwepesi kidogo, kama mtu aliyetua mzigo asijue ni upi.

Siku moja mchana Nekoye, akiwa ananyonya, alinyoosha mkono akamshika mama yake sikio.

"Mwone huyu," Roda alisema. "Kaka yake mtupu."

"Kwani Wanjala alikuwa akishika sikio?"

Roda alicheka. Kisha akaona hakuna mzaha, akaacha.

Alimuuliza kuhusu kicheko. Alimuuliza kuhusu kuku. Alimuuliza mtoto alizikwa na shati gani, shati ambalo Awinja alikuwa amelishona kwa mkono wake. Awinja alitafuta, akatafuta... Hakukuwa na kitu. Palikuwa na jina tu, na maumivu yasiyo na uso.

Ndipo akaeleza habari za bibi wa njiani. Roda alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamtaka arudie maneno yaleyale waliyoambiana.

"Wewe ulisema kalamu," alinong'ona. "Yeye alisikia nini?"

"Karamu," Awinja alisema.

Roda alisema kwamba kabla ya miwa, pale njiani palikuwa na nyumba ya bibi mmoja asiye na mtoto. Alikufa msimu ule watu walipogombania mashamba yapimwe kwa ajili ya miwa. Karamu ya kumkumbuka haikufanywa. Kila mmoja alisema mwenzake ataifanya. Trekta lilipita juu ya kaburi. Alipoulizwa jina la bibi huyo, Roda alifikiri sana, akatikisa kichwa. Hakuna aliyelijua tena.

Walichinja kuku, wakasonga obusuma, na jua lilipokuwa linazama Roda akapeleka chakula mwanzo wa njia, akaomba msamaha kwa niaba ya kijiji kizima. Philemon alikuwa amekwisha kwenda kazini. Wakafunga mlango, wakawasha taa, wakakaa.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Udongo mbichi.

Kisha miwa ikaanza kukwaruza ukuta. Upepo haukuwapo.

"Hiyo siyo karamu niliyokaribishwa," sauti ilisema nje ya mlango. Haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye njaa tu.

"Nihurumie, kukhu," Awinja alisema. "Umekula yote."

"Bado jina."

"Hilo sitakupa."



Mapajani mwa Roda, Nekoye alifungua mdomo kama anayelia. Sauti haikutoka. Roda akamshika miguu, akainua macho kumtazama Awinja, na macho yalisema yote. Miguu ya mtoto ilikuwa baridi.

"Basi badala yake niandikie huyu," sauti ilisema.

Awinja alichukua karatasi. Roda aliisogeza taa karibu, ili aone.

Aliandika jina la Wanjala polepole, akiitaja kila herufi, akijaribu kuishikilia ulimini. Ya kwanza. Ya pili. Alijua kila moja inaenda wapi. Katikati alisimama, akatazama mdomo wa Nekoye ulio wazi bila pumzi, akaendelea.

Herufi ya mwisho.

Nekoye alilia.

Nje, kitu kikatembea kurudi kwenye miwa, kwa hatua nzito za mtu aliyeshiba.

Awinja aliitazama karatasi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa nyeupe. Akajiuliza alikuwa anataka kuandika nini.

"Mama Wanjala," Roda alinong'ona.

Awinja alitazama mlangoni, aone ni nani anayeitwa.

Roda alifumba macho kidogo. Alipoyafumbua, sauti yake ilikuwa laini.

"Mama Nekoye. Mpokee mtoto, anataka kunyonya."

Hakumwita tena jina lile jingine, na alipita nyumba kwa nyumba akawaomba majirani nao wasimwite. Asubuhi alimpokea Philemon nje, akamweleza. Philemon alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Aliomba chai.

Mkono wa Awinja haukufa ganzi tena. Ungeandika chochote. Akina mama wa kanisa walimnunulia karatasi, wakamsihi, wakangoja Jumapili baada ya Jumapili. Alikaa nazo mapajani akitabasamu kwa adabu, na kichwani hamkuwa na la kuandika.

Agosti mwaka 1979 karani wa sensa alifika nyumbani hapo. Alimuuliza Awinja amezaa watoto wangapi, walio hai na waliokufa. Alisema mmoja.