Dirisha la Chumba cha Mzazi

Khadro hakuwa mtu wa kuharibu arobaini. Binti yake Deka alipojifungua, mwaka wa 1998, Khadro alifunga dirisha na kuteremsha pazia zito mlangoni. Kando ya kitanda akaweka jiko la makaa na chetezo cha unsi, ubani wa sukari. Ndivyo alivyolelewa yeye. Majirani wa Bulla Iftin, mjini Garissa, walikitambua chumba cha mzazi kwa harufu tu.

Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Wiki ya pili likaharibika. Deka aliumwa kichwa, na mtoto akawa analala tu, hata ziwa halitaki.

"Ni jicho la watu," alisema Khadro, akaongeza makaa na unsi. Moyoni aliogopa sana. Huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

Alasiri akaja jirani yao Safiyo, fundi wa mradi wa kupima hewa. Mfukoni alikuwa na kipimo kidogo walichokuwa wakikijaribu kazini. Alipoinua pazia, kipimo kikalia.

"Eeddo, tuwatoe nje sasa hivi," alisema, akimwita Khadro shangazi kwa Kisomali.

"Mzazi hatoki kabla ya arobaini. Watu watasema nini?"

"Waseme. Chumba kina sumu."

"Sumu gani? Mimi nasikia harufu ya unsi tu."

"Hewa ya makaa haina rangi wala harufu, eeddo. Inaua mtu usingizini."

Khadro alimtazama mtoto, asiyefumbua hata macho. Akambeba, akatoka. Safiyo akamshika Deka mkono, wakaenda wote hospitali, wakatibiwa.

Waliporudi, Khadro alikigeuzageuza kile kipimo. "Hiki kimejuaje nisichojua mimi?"

"Ndani mna unga wa madini. Punje zake ni ndogo mno, hazionekani kwa macho. Hewa mbaya ikiugusa, kipimo hulia. Kinatumia umeme kidogo, betri kama ya saa ya mkononi. Tunakitengenezea nyumba zisizo na stima."

"Basi niachie."

"Bado tunakijaribu. Wewe weka makaa nje, fungua dirisha. Unsi ufukize uani."

Khadro alinung'unika, lakini akafanya. Arobaini iliendelea, Deka akiwa ndani kama mila inavyotaka.

Siku moja jirani Muslimo alisimama nje, akashangaa. "Khadro, dirisha wazi? Mzazi ataingiwa na upepo."

"Aingiwe," alisema Khadro.

Ndani mtoto alikuwa akililia ziwa, na mtaa mzima ulimsikia.