Gundi Kwenye Baragumu

Kila asubuhi ya mwezi wa mwisho kabla ya Mwaka Mpya wa Kiyahudi, Zohara alikuwa na kazi ambayo hakukubali kunyang'anywa na mtu. Alimbebea Babu Makhluf mfuko wa mahameli, wakashuka ngazi za mtaa wao wa Tiberia hadi sinagogi, kisha yeye akapanda juu, upande wa wanawake. Ndani ya mfuko mlikuwa na shofar, baragumu la pembe ya kondoo dume, lililonyooka, lililoletwa na wazee wao kutoka Moroko. Sala ikiisha, Babu alilipuliza: mlio mmoja mrefu, kisha mitatu ya kuguna, kisha tisa mifupi kama ya mtu mwenye kwikwi za kilio. Halafu wote walirudi nyumbani kunywa chai ya nanaa na maandazi.

"Siku moja nitalipuliza mimi," alisema Zohara, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili.

Binamu yake Aviel alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wewe? Na hayo mapafu ya kuku? Hata mbu atakushinda!"

Maneno yale yalimchoma. Zikiwa zimebaki siku tatu kufika sikukuu, Babu alipokwenda kliniki, Zohara alilitoa baragumu ajaribu. Lilinuka mafuta ya zamani, basi akalimiminia maji yaliyochemka, akalianika dirishani penye jua kali. Babu alikuwa amemkataza mara ngapi! Zohara aliporudi dirishani, alikuta ufa mwembamba umeteremka kwa urefu kutoka mdomoni hadi katikati.

Aviel alimkuta analia, akakimbia kuleta gundi ya viatu. "Paka, futa, nyamaza," alisema. Waliubana ufa, wakapaka mafuta ya mlozi juu yake, na jeraha likapotea machoni.

Kesho yake Babu alipuliza. Mlio ulitoka safi kuliko siku zote. Sala ilipokwisha, Aviel alimfuata Zohara kwenye ngazi, akamkonyeza.

Zohara hakucheka. Babu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba baragumu lililopasuka hivyo likagundishwa halifai. Hata lilie vizuri namna gani, anayelisikia siku ya Mwaka Mpya hajatimiza amri ya Mungu. Alimfikiria Bibi Freha, jirani yao mwenye miguu mibovu, aliyepanda ngazi zile mara moja tu kwa mwaka ili ausikie mlio huo. Angerudi nyumbani akidhani ameusikia.

"Usiwe mjinga," Aviel alinong'ona. "Ukisema, mfuko atapewa mtu mwingine."

"Na apewe!"

"Kwani nani atajua?"

"Mimi najua. Wewe unajua. Bado hatutoshi?"

Alimsukuma kando, akashuka na kuingia katikati ya wanaume waliokuwa wakikunja shali zao za sala. "Babu, usilirudishe mfukoni. Halifai. Nililipasua kwa maji ya moto, nikalibandika gundi."

Bwana Ohayon, msimamizi wa sinagogi, alipiga meza. "Sikukuu inaingia keshokutwa jioni! Tutapata wapi jingine? Mlio tumeusikia wenyewe, hauna kasoro. Binti, nenda shule. Hatukusikia kitu."

"Mmesikia," alisema Zohara. Hakurudi nyuma hata hatua moja. "Na kama hamkusikia, nitasema tena. Siku ya sikukuu nitasimama mlangoni nimwambie kila anayeingia."

Babu alilipeleka baragumu kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu yake, akaigusa gundi. Macho yalimjaa machozi. Zohara aliumia kuliko kama angechapwa.

"Mtoto amesema kweli. Halipulizwi," Babu alimwambia Ohayon. Kisha akamgeukia Zohara. "Umelipasua wewe, utakwenda kuomba jingine wewe."

Alimpeleka hadi sinagogi ya juu kilimani, ya watu waliotoka Poland. Babu hakuwa amesemezana na mpulizaji wao, Mzee Lemberger, tangu walipogombea maegesho ya gari. Alisubiri nje. Zohara aliingia, akaeleza yote bila kujitetea, akatoka na baragumu fupi lililopinda kama kulabu.

Siku ya Mwaka Mpya baragumu lile lililia mpaka Bibi Freha akajifunika uso kwa kitambaa. Sikukuu ilipopita, Babu aliwaita watoto wote wawili uani.

"Baragumu hutuamsha," alisema. "Linamwambia kila mtu: acha kujificha, jitazame ulivyo. Zohara, umekosa, na umenitia uchungu. Lakini uliamka kabla yetu sisi wazee. Nilipomrudishia Lemberger baragumu lake, alinikumbusha kwa nini pembe yao imepinda: ili tuinamishe mioyo mbele ya Mungu. Mbele ya uongo, mjukuu wangu, usiiname. Hata akikuambia mtu mzima."

Alimpa ule mfuko wa mahameli. "Kwa ibada baragumu letu limekwisha. Kwa kujifunzia linatosha. Na wewe Aviel, fundi wa gundi, utakaa hapa kila alasiri umsikilize mpaka ajue."

Zohara alilitoa, akaliweka midomoni. Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu, na Aviel akafungua kinywa kutaka kusema jambo. Zohara alimkazia macho, akavuta pumzi, akapuliza tena. Njiwa wote wakaruka kutoka paani, na Aviel akafunga kinywa chake.