Ufa kwenye Pampu ya Mama Mkwe

Karakana ya fundi mchomeleaji na nyumba yake zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Asubuhi ile yeye alikuwa akifagia vumbi la chuma, na mke wake alikuwa mlangoni akimenya viazi. Wote wawili walimwona mama mkwe akija, amekumbatia gunia kifuani.

"Shikamoo, mama," fundi alisema, akaupokea mzigo.

"Marahaba, mkwe wangu. Nimekuletea mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa gamba la nje la pampu ya kumwagilia bustani. Lilikuwa la alumini, la zamani, limeliwa na maji mpaka likajaa vishimo na unga mweupe. Ubavuni lilikuwa na ufa, na kwa sababu ya ufa huo pampu haikuvuta maji tena.

"Nyanya zimeanza kulala," mama mkwe alisema. "Zikifa, mwaka huu sina kitu. Tangu mzee afariki nakula kwa bustani ile tu."

"Kaa, mama. Kazi ndogo hii."

Mke wa fundi aliinamia viazi vyake ili asionekane akicheka. Alimjua mumewe. Mbele ya mama mkwe angeahidi hata kubeba mlima.

Tusimwonee, fundi alikuwa hodari. Mageti na vitanda vya chuma vya mtaa mzima vilitoka mikononi mwake. Lakini mashine ya TIG, ile inayochomelea alumini kwa gesi ya agoni, alikuwa ameinunua juzijuzi. Alikuwa ameijaribu kwenye alumini mpya, na kila kitu kikaenda vizuri.

Alichukua brashi yake ya mageti, akausugua ufa mpaka ukang'aa. Akavaa ngao ya uso, akawasha.

Alumini ikachemka na kutema. Madoa meusi yakatokea kama pilipili manga iliyomwagika. Waya wa kujazia haukushika. Ulijiviringa ukawa kidonge, ukaanguka sakafuni.

"Mbona linalalamika hivyo?" mama mkwe aliuliza.

"Linazoea moto, mama," fundi alijibu. Yeye mwenyewe hakujua anasema nini.

Alikwenda kukagua mashine. Aligeuza kitufe hiki, akagusa kile, akatikisa bomba la gesi. Gesi ilikuwepo. Umeme ulikuwa sawa.

Huku nyuma, mama mkwe aliliangalia gamba akalionea huruma. Lilikuwa limekauka, limekuwa jeusi. Marehemu mumewe alimfundisha kwamba mashine haiachwi bila mafuta. Basi akatoa mfukoni kitambaa chenye grisi alichozoea kupangusia pampu, akalipangusa vizuri, hasa pale kwenye ufa. Kisha akakaa, ameridhika.

Fundi akarudi, akawasha. Safari hii moshi ulipanda mpaka darini. Akazima, akasugua, akaenda tena kuangalia mashine. Mama mkwe akapangusa tena. Fundi akawasha tena. Jasho lilimtoka. Akavua ngao, akabaki kulitazama gamba kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Hakuelewa kichwa wala miguu.

"Nimwite Fundi Rejeta?" mke wake aliuliza.

"Wa nini?"

"Mkune vichwa wawili."

Fundi Rejeta alikuwa jirani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akitengeneza rejeta za magari tangu ujana wake. Aliamkia, akaokota gamba, akapitisha kidole kwenye ufa, akakinusa.

"Nani kapaka grisi hapa?"

"Mimi," mama mkwe alisema bila wasiwasi. "Lilikuwa kavu, mwanangu."

Fundi aliinama kuokota kidonge cha waya sakafuni. Mkwe hagombezwi.

"Basi tumepata sababu ya moshi," Fundi Rejeta alisema. "Ila grisi haiko peke yake. Brashi yako iko wapi?"

Fundi akamwonyesha.

"Hii imesugua mageti. Imejaa chembe za chuma na kutu, na umezihamishia huku. Alumini iwe na brashi yake, ya chuma cha stenlesi, isiyogusa kitu kingine."

"Lakini niliposugua paling'aa."

"Paling'aa, ndiyo. Alumini ina ngozi nyembamba, inaitwa oksidi. Ngozi hiyo, ili iyeyuke, inahitaji moto mkali kuliko alumini yenyewe. Kwenye kitu kizee imekuwa nene. Ndani inayeyuka, ngozi bado ngumu. Na ukisugua kabla ya kuondoa mafuta, unayasukuma yaingie vishimoni."

Fundi alinyoosha mkono kuchukua kopo la dawa ya kupuliza, ya kusafishia breki. Fundi Rejeta akamshika.

"Weka chini. Nyingine zikipata moto wa kuchomelea zinatoa hewa ya sumu. Tumia asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, gamba likiwa la baridi, mlango wazi. Kitambaa cha kufutia ukimaliza kipeleke nje. Usiwashe mpaka pakauke kabisa."

Waliliosha gamba kwa sabuni, wakalifuta kwa asetoni. Wakalipasha moto polepole, na mafuta yaliyojificha yakatoka kama jasho. Likapoa, wakafuta tena. Fundi akachimba ufa kwa tupa safi mpaka ikaonekana alumini nyeupe, akapiga brashi mpya ya stenlesi aliyopewa na Fundi Rejeta. Hata waya wa kujazia aliufuta.

Akawasha. Mwanzo ulikuwa mzuri. Halafu pilipili manga ikarudi.

"Sasa nini tena?" Alikaribia kulia. "Nimesafisha kila kitu."

"Usiongeze waya juu ya uchafu. Zima," Fundi Rejeta alisema. "Ligeuze."

Akaligeuza. Upande wa ndani, nyuma ya ufa, palikuwa na ukoko mweupe ulioachwa na maji ya miaka yote. Hakuna aliyepagusa.

"Alumini ikiyeyuka, inavuta uchafu wa upande wa pili pia," Fundi Rejeta alisema. "Wewe ulisafisha unapopaona."

Ikabidi fundi achimbe madoa meusi yote na kusafisha ndani na nje upya. Alipogeuka kuchukua ngao, aliona mkono wa mama mkwe unaingia mfukoni. Kitambaa kikachungulia. Moyo ulimpiga kuliko siku ya kuposa.

"Mama," alisema taratibu, "nakuomba radhi. Naomba usiliguse."

Mke wake aliacha kumenya.

Mama mkwe alimtazama, akamtazama Fundi Rejeta. "Kumbe nilikuwa naliua?" Akampa binti yake kitambaa, akaikalia mikono yake yote miwili.

Safari hii alumini iliyeyuka ikang'aa kama kioo. Waya ulishika, tone juu ya tone, bila doa.

Jioni waliifunga pampu bustanini. Ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikavuta. Maji yakakimbia kwenye mfereji mpaka matuta ya mwisho. Fundi hakuyaangalia. Alikuwa akiliangalia gamba, na bado alikuwa na hofu.

Mama mkwe alipiga magoti kando ya pampu inayotetemeka. Akaweka kiganja chini ya mahali palipochomelewa, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha akakiinua, akamwonyesha mkwe wake. Kilikuwa kikavu.